Macho ya Mchoma Chokaa

Msambweni,
Jumatano, 14 Mei 2025.

Kwa dada yangu Kache,

Shikamoo dada. Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu nilipoondoka nyumbani Bamba nikaja huku kusini, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Hujambo? Shemeji kifua chake kimepoa? Watoto wanakwenda shule? Mvua imewafikia, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao asubuhi huchelewa kuamka kuliko mimi.

Utashangaa kwa nini nimeandika na simu zipo. Simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani, na chumba changu huku ni cha mabati. Nikikohoa, jirani ananiambia pole. Haya ninayotaka kukueleza siwezi kuyatamka kwa sauti. Unajua niliacha shule darasa la sita na mkono wangu umezoea sururu kuliko kalamu, kwa hiyo nivumilie. Soma ukiwa peke yako.

Kazi yangu ni ile ile ya timbo. Tunakata mawe ya kujengea kutoka kwenye mwamba, malori yanayapeleka Diani, na huko yanajengewa kuta ndefu ambazo sisi tuliokata mawe hatuwezi kuona kilichomo ndani yake. Kila mtu ana shimo lake. Msimamizi wetu ni Swabir, kijana wa hapa hapa, mwenye maneno mengi lakini si mtu mbaya.

Karibu na timbo anaishi Mzee Jumbe, mchoma chokaa. Huja kuokota vipande vya mawe tunavyovitupa, akavijaza guniani, kisha huvipanga juu ya magogo kwenye tanuri lake na kuvichoma mpaka vikawa vyeupe. Amefanya kazi hiyo miaka arobaini, nayo imemla. Moshi umeyafanya macho yake mekundu kama pilipili. Vumbi limemkaa kichwani na kwenye nyusi, hata hujui ipi ni mvi na ipi ni chokaa. Viganja vimechunika na kupasuka. Hana mke, hana mtoto, na shati lake ni moja.

Huku, kama kwetu, watu matangani hula watano au sita kwenye sinia moja. Mama Husna, mwenye nyumba ninayopanga, alinieleza kwamba zamani Mzee Jumbe alikuwa akienda kuzika kama watu wote. Lakini kila alipoketi kwenye sinia, waliokuwapo walikumbuka ghafla kwamba wameshiba, kwa sababu ya ile mikono. Siku moja aliachiwa wali wa watu sita peke yake, na wanawake kule jikoni wakacheka. Tangu siku hiyo hakuonekana tena mazikoni wala harusini. Mama Husna alinisimulia haya kwa huruma kabisa, kisha papo hapo akaongeza kwamba mtu asiyezika wenzake bila shaka anajua kinachowaua.

Mimi nilimzoea. Mwaka jana vumbi la mwamba liliponiingia jichoni, yeye ndiye aliyelitoa kwa ncha ya kitambaa na tone la mafuta ya nazi, akanipa na kahawa. Nilimwuliza kama anajua watu wanasema nini juu ya macho yake. Alicheka akaniambia kwamba lau yangekuwa na uchawi, angeanza kwa kuyatibu yenyewe.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne saa sita mchana, mwamba uliporomoka timboni ukamwangukia mwenzetu Abdulbasit. Alikuwa ameoa miezi minne tu. Alikuwa mtani wangu. Kila siku aliniuliza kama ni kweli sisi Wagiriama tunaachishwa ziwa kwa tembo la mnazi, nami nikimjibu kwamba ndiyo, na ndiyo maana tunakata mawe mengi kuliko Wadigo. Tulimtoa kwa mitaimbo na mikono. Alikuwa amekwisha kufa.

Baba yake ana duka, na msikitini ana mahali pake safu ya mbele. Mtoto wa mtu kama huyo hafi hivi hivi. Siku ya tatu ya matanga wazee walituita sisi wa timbo, wakataka kujua nani alipita pale asubuhi ile. Mimi nikasema kwamba Mzee Jumbe alipita na gunia lake. Ilikuwa kweli, alipita, kama anavyopita kila siku. Lakini nyuso zote zilitazamana, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba basi, kumbe.

Tangu hapo kila kitu kina jina lake. Mtoto aliyekufa kwa homa mwezi wa kwanza ni yeye. Ng'ombe aliyezaa ndama mfu ni yeye. Vijana wakipita tanurini wanamwita "Mzee Taa Nyekundu" na kumwuliza usiku anaruka saa ngapi. Wameamua kwamba keshokutwa Ijumaa, baada ya sala, ataapishwa. Mganga ameshatafutwa kutoka upande wa Kinango. Atalisemea papai maneno, mzee atakula, na akivimba ni yeye. Imamu alisema wazi kwamba hiyo ni shirki, wakamjibu kwa adabu kwamba akimaliza kusalisha aende nyumbani akapumzike. Nyuma ya duka nimeona galoni ya petroli imefunikwa kwa gunia, na hapa hakuna mwenye gari. Sisi wa timbo nasi tutalishwa papai hilo, eti kazi isafishwe.

Kwetu mambo haya hayahitaji maelezo. Unamkumbuka mjomba Kenga alivyokuwa akipaka piko kichwani kila wiki, nasi tukimcheka kwamba anatafuta mke wa pili. Hatukujua kwamba alikuwa akizificha mvi zake zisimwue, maana mzee wa mvi huitwa mchawi.

Juzi Jumatatu nilikutana na Mzee Jumbe njiani. Tangu maziko sikuwa nimemwamkia hata mara moja. Nikimwona hugeuza uso. Safari hii njia ilikuwa nyembamba. Yeye ndiye aliyenisalimu kwanza, akaniita mwanangu. Akaniambia kwamba nafanya vizuri kukaa mbali naye, maana mimi ni mgeni hapa na watu wanaweza kunichanganya na yeye. Akasema hana kinyongo. Kisha akapita pembeni, miguu ndani ya miiba, ili nisimguse.

Dada, aliyemwua Abdulbasit ni mimi.

Sikumwua kwa kukusudia, lakini ni mimi. Mwamba ule ulioanguka ulikuwa wa shimo langu. Jumatatu, siku moja kabla, nilikuwa nimeuchimba kwa chini, kwa sababu chini jiwe ni laini na mgongo hauumi sana, nikauacha wa juu ukining'inia. Desturi ya timbo inajulikana: ukiacha mwamba namna hiyo, unachomeka tawi bichi juu yake, na mtu akiona tawi haketi chini yake. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilijiambia kwamba kesho nitauangusha mwenyewe mapema, na tawi la nini. Usiku ikanyesha. Kesho yake mgongo ulinikaza, nikafika nimechelewa, na Swabir akanituma moja kwa moja kupakia lori. Mchana jua likawa kali, Abdulbasit akaingia shimoni kwangu kutafuta kivuli ale chakula chake. Nilimwona akiingia. Nilikuwa nimeinua mkono nimwite, na mwamba ukashuka.

Na niliposema jina la Mzee Jumbe mbele ya wale wazee, nilijua ninachofanya. Nilipoona nyuso zao zimegeukia kwingine nilipata nafuu, dada, kama mtu aliyetuliwa jiwe. Nafuu ile ndiyo inayonitisha kuliko yote.

Jana nilimweleza Swabir. Akanikumbusha kwamba timbo letu halina kibali, na askari wakija litafungwa, watu ishirini wale nini. Akaniambia kwamba mimi hapa sina hata mjomba wa kunisimamia, na baba wa marehemu lazima apewe mtu. Mzee Jumbe hana mtu, akasema, kwa hiyo hatakosekana. Alisema bila ubaya, kama mtu anayepanga nani apakie na nani apumzike.

Naogopa. Naogopa wale vijana, naogopa jela, na nitakuambia ukweli hata kama utanicheka: naogopa lile papai. Nimesoma, najua papai ni tunda, lakini nikishindwa kulimeza watasema nini? Hesbon, dereva wa lori, ni rafiki yangu. Kesho asubuhi anapeleka mawe Mariakani na ataendelea mpaka Bamba kuona wakwe zake. Ameniwekea nafasi mbele, akaniambia nije na nguo zangu tu, na kufikia adhuhuri nitakuwa kwako. Nguo nimeshazifunga.

Lakini nikipanda lori lile, Ijumaa mzee atakula papai kwa kosa langu na mimi nikiwa kwako nakula muhogo. Kwa hiyo Hesbon atapewa barua hii, na mimi nitashika njia ya kituo cha polisi cha Msambweni nikaandikishe maneno yangu. Wakikubali kuja Ijumaa, nitakuja nao. Wakikataa, nitakuja peke yangu, niyaseme mbele ya baba yake Abdulbasit kabla papai halijakatwa. Sijui kama watamwamini mtu wa timbo. Huenda wakasema mzee ameshaniroga ulimi.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Mama umwambie tu kwamba nimeandika na kwamba mwandiko wangu bado mbaya, mengine usimsomee. Majirani uwafikishie salamu, hata wale wasioniuliza.

Natumaini kufika kwako Jumapili jioni. Nisipofika, Jumatatu umtume shemeji aniulizie kituoni kwanza. Wakisema hapo sikufika, asiende timboni peke yake.

Mimi mdogo wako,
Ngala