Tano Niliyoigeuza Tatu

Langas,
Eldoret.
9 Juni 2024

Mpendwa Senge Apondi,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako likoje tangu ule upasuaji? Na baridi ya huko Leeds imekuachilia, ama bado unavaa soksi mbili mbili? Sisi tuko. Kifua cha Baba kimepata nafuu, Mama bado anaimba kwaya, na mahindi yetu kule shamba la Soy yamefika magotini.

Utashangaa kupata barua ya mkono. Simu yangu iko kwa wachunguzi, Senge, na kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Wewe, shangazi yangu, ndiye ulinipeleka chuo siku ya kwanza, umebeba godoro langu kichwani. Siwezi kukuficha.

Mwezi wa tatu ofisi ilitutuma kukagua madaraja madogo ya huku kabla mvua kubwa haijaanza. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu Tyson, na Injinia Isaiah, mkubwa wetu. Kila daraja linapewa alama. Moja ni zima. Tatu ni gonjwa, lakini litumike huku likiangaliwa. Tano ni lifungwe siku hiyo hiyo. Sikuwa nimejua tunatembea juu ya vitu gani. Kuna vyuma vimeliwa na kutu hadi unavimega kwa vidole. Daraja moja tulilikuta limeshikiliwa na magogo ya mikaratusi ambayo wenyeji waliyaweka wenyewe, na basi la shule linapita hapo kila asubuhi.

Upande wa Ainabkoi kuna daraja watu huliita la Viazi, kwa sababu ndilo wanalopitishia viazi kwenda sokoni. Niliingia mtoni na gambuti, nikasukuma fimbo ya chuma chini ya nguzo ya katikati. Fimbo ikaingia yote, na mkono wangu ukafuata mpaka kwapani. Maji yalikuwa yamekula udongo wote wa chini. Nguzo ilisimama kwa kisigino tu. Nikaandika tano kwenye daftari langu.

Nilipotoka majini, mkulima mmoja, Mzee Njenga, alikuwa amesimamisha mkokoteni wake wa punda akinitazama.

"Injinia, hii kitu bado tutavuka?"

"Mzee, kama una njia ingine, tumia hiyo."

"Njia ingine ni kilomita kumi na nane, na punda ni huyu mmoja." Akacheka. "Lakini si ikiwa mbaya mtafunga? Mkifunga tutazunguka. Msipofunga, tutajua iko sawa."

Nilimwambia tutafunga.

Wiki iliyofuata Injinia Isaiah aliniita. Alisema tano zimekuwa tisa, na hakuna mkubwa atakubali barabara tisa zifungwe watu wakipanda. "Zile zingine nimeshazishusha. Hiyo ya Ainabkoi weka tatu. Mvua ikiisha tutairudia." Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu akanikumbusha kwamba kandarasi yangu inaisha mwezi wa saba, na kwamba yeye ndiye huandika nani abaki. Hakupiga kelele. Aliniwekea ripoti mezani na kalamu juu yake.

Senge, niligeuza ile tano ikawa tatu. Nataka uelewe vizuri. Isaiah aliomba, lakini mkono uliotia sahihi ni huu ninaokuandikia nao.

Ainabkoi ilinyesha siku tatu mfululizo. Jumanne tarehe thelathini Aprili, saa tatu asubuhi, nguzo ilienda na maji. Mzee Njenga alikuwa katikati ya daraja na mkokoteni wa mbegu ya viazi, na Ciru, mke wa mwanawe, akisukuma nyuma. Ciru alishika chuma cha ukingo mpaka watu wakamfikia na kamba. Mzee walimpata Alhamisi, mbali sana chini, amenaswa kwenye mizizi. Nilikuwa hapo walipomtoa. Bado alikuwa na gambuti moja mguuni.

Jioni hiyo Isaiah aliniomba daftari langu "alihifadhi". Tyson aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo tu. Nilimwambia Isaiah nitalileta, nikaenda nalo nyumbani. Wachunguzi walipokuja kutoka Nairobi, niliwapa wao, pamoja na simu yenye picha. Nikaandika taarifa yangu na sikumtaja Isaiah peke yake, nilijitaja na mimi. Sasa nimesimamishwa kazi. Huenda nisiwe injinia tena.

Lakini kabla ya wachunguzi nilikuwa nimeenda kwa Mama Wahu, mjane wa Mzee. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa kwenye kiti chake.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua, Mama."

"Na yeye alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Alimenya kingine, akakiweka majini. "Usiniombe msamaha leo. Sina. Lakini haya umesema hapa, uende useme hivyo hivyo kwa wakubwa. Usipunguze." Halafu akaniambia niende, kabla vijana wake hawajarudi kutoka shambani.

Daftari liliposomwa, madaraja mengine manane ya alama tano yalifungwa kwa siku moja, hata lile la magogo. Watu wananitukana sokoni kwa sababu wanazunguka mbali. Wacha wanitukane, mradi wanazunguka.

Kikao cha uchunguzi ni tarehe ishirini na nne. Ciru ameniletea ujumbe kwamba Mama Wahu atakuja, na ameomba kiti cha mbele. Ninaogopa macho yake kuliko ya hao wakubwa wote.

Senge, nina ombi moja. Usiniandikie kwamba si kosa langu. Baba ameshasema hivyo, Mama pia, na pasta. Kila mmoja akisema, nahisi mto unamsukuma Mzee Njenga mbali zaidi. Niandikie tu kwamba umesoma mpaka mwisho.

Nisalimie binamu Marvin na watoto. Baba anauliza ampigie nani simu Jumapili ikiwa wewe hupokei. Nyanya naye anakutumia busu la shavu la kushoto, anasema unajua kwa nini. Mungu akulinde uvukapo na urudipo, akupe mguu mzima na usingizi mtamu.

Ni mimi mtoto wako, anayekupenda na kukungoja,

Musimbi