Jogoo Niliyempeleka Benki

Mjukuu wangu Wambui,

Habari za huko ugenini? Sisi hapa Uthiru tuko salama. Mama yako amepona goti, sasa anatukimbiza sote kwenda kanisani.

Umeniuliza faida inayotarajiwa ya uwekezaji hupigiwa hesabu vipi. Mimi nilifundishwa na karani wa benki nikiwa msichana. Asilimia sitini ya akiba yangu niliweka kwa kuku, arobaini nikaacha benki. Tulitarajia kuku walete faida ya asilimia ishirini, benki tano.

"Zidisha kila faida kwa fungu lake, kisha ujumlishe," akasema. "Kuku wanaleta asilimia kumi na mbili, benki mbili. Jumla asilimia kumi na nne."

Nikawatangazia majirani wote. Kisha ugonjwa ukafagia banda, akabaki jogoo mmoja. Nikambeba hadi mjini, nikamweka juu ya meza ya karani.

"Kumi na nne yangu iko wapi?"

Jogoo akawika. Foleni nzima ikacheka.

"Dada, nilisema tunatarajia," akajibu taratibu. "Sikusema tumepata."

Nilirudi nyumbani nimenuna, ingawa nilimwelewa. Jumamosi akaja kwetu na vifaranga sita ndani ya katoni.

Karani huyo ndiye guka, yaani babu yako. Katika hesabu yangu hakuwemo kabisa.

Nakupenda,
Shosho