Kaka, Uliniachia Kofia, Hukuniachia Watu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Karani mmoja wa hapa ameandika katika gazeti hili hili: "Tangu mkuu wa zimamoto ahamishiwe Dodoma, Tabora haina tena mtu wa kuongoza wazima moto." Uongo! Mtu yupo, ndiye mimi niliyerithi kofia yako, na kitabu cha kazi nimekisoma chote, isipokuwa kurasa ulizosokotea tumbaku wewe.

Lakini karani ni mdomo tu. Anayeninyima raha ni wewe. Nakuonea wivu, kaka, na leo nasema hadharani. Tulipokuwa wadogo pale Ipuli, mama akitenga ugali, hata watoto wa jirani walikusubiri wewe unawe kwanza. Nikinyoosha mkono, walinizomea: "Ngoja mkubwa!" Tukienda kurina asali, ukisema, "Haya, twende," ulikuwa umekwisha kwenda.

Wiki iliyopita ghala la nta la mzee mmoja Mwarabu liliwaka Isevya. Nilifanya kama kitabu kisemavyo: nikasimama nyuma, juu ya kasha, nione pande zote. Nikaamuru, "Songeni mbele!" Wanaume wanane, ndoo mikononi, wakabaki wamesimama. Nikapaza sauti. Nikawaita waoga. Mwenye ghala akanigeukia:

"Wallahi bwana, unauhutubia moto?"

Mihambo, yule uliyemfundisha kushika mpira wa maji, akanijibu kwa upole:

"Mkubwa, babu zetu walibeba pembe hadi pwani. Kirangozi ndiye aliyetangulia msafara, na aliyempita njiani alitozwa mbuzi. Kirangozi wetu sasa ni wewe, nawe uko nyuma. Tupite twende wapi?"

Walikuwa wananitii, kaka! Sisi wenyewe ni wajukuu wa wapagazi, nami nikasahau jambo ambalo Mihambo hakuhitaji kulisoma popote. Niliruka chini kutoka juu ya kasha, lakini paa lilikuwa limekwisha kuanguka na nta inatiririka hadi barabarani. Hakuna aliyeumia. Mali ya mzee imeteketea, na kosa ni langu.

Unajua niliwaza nini mbele ya majivu yale? Niliwaza kwamba wewe ungekuwa mlangoni tangu mwanzo, na hilo liliniunguza kuliko moto. Nyumbani mke wangu akauliza, "Kwa nini usimwandikie shemeji akushauri?"

Sitaki ushauri wako. Ukija likizo, njoo ule, ulale, usalimie watoto; kituoni usipite hata kwa bahati mbaya. Nakupenda, na Mungu akuweke salama huko huko Dodoma.

Na ninyi, wanaume wanane wa kikosi, najua gazeti hili husomwa kwa sauti pale kwa kinyozi wenu. Acheni kuniambia kaka yangu angefanya nini. Kengele ikilia tena, mtauona mgongo wangu ukiingia wa kwanza. Nifuateni.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.