Mume Wangu Alipima Gitaa kwa Mkono Wake

Mama mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mjomba wa mume wangu anateremka kutoka Butembo kuja kusikiliza kesi yangu, na kesi yenyewe ni kwamba eti nina mwanaume mtaa wa Himbi.

Sina mwanaume. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, naishi mtaa wa Mapendo, nimepiga gitaa kanisani tangu usichana hadi mwaka jana nilipoteleza kwenye mawe ya volkano nikiwa na bidoni, dumu la maji, kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika, kikaunga vibaya, sasa vidole havitanuki, na gitaa langu lina shingo pana na nene kama usukani wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikipiga wimbo mmoja tu mkono unawaka hadi kiwikoni, lakini nyumbani siwezi kulisema hilo kwa sababu gitaa alilichonga mume wangu mwenyewe, nimwite Adalbert, ni seremala, alinichongea wakati wa uchumba, na kwa kuwa hakuthubutu kunishika mkono mbele ya baba yangu alipima shingo kwa kiganja chake, na mpaka leo kila mgeni lazima aonyeshwe.

Basi nikampata muzee Léopold, mwalimu wa muziki huko Himbi, ana gitaa la shingo nyembamba, nikawa naenda mchana kulijaribu barazani kwake, mke wake akiwepo, na mama, siku ya kwanza nililia, vidole vilifika. Nyumbani nilisema naenda sokoni. Jirani akaniona.

Juzi Adalbert alisukuma sahani. "Kule Himbi unaendaka kwa nani?" Nikaiondoa sahani mezani. "Ile gitare haushikake tena. Niko naona. Mutu akichoka na bwana yake, anaanza kuchoka na vitu vyake." Nikasema mkono unauma kidogo tu. "Basi onkle wa Butembo atakuuliza yeye. Miye nimeshindwa."

Nikisema ukweli nitamvunja moyo, nisiposema nitarudishwa kwetu. Léopold ananihimiza nitafute gitaa langu la namna ile. Nichague lipi, na nitaliingizaje nyumbani?

Mwenye Mkono Mbovu, Mapendo

JIBU

Mama wa Mapendo, pole kwa mkono. Kwa mdomo sikupi pole, maana huo haukuvunjika.

Umekubali mumeo aamini una bwana mwingine kuliko ajue shingo ya gitaa ni pana. Hebu jisikilize. Unamhurumia fundi na kumtesa mume, na ni mtu huyohuyo. Najua unampenda, ndiyo maana nakasirika.

Gitaa kwanza. Usichague kwa macho. Kaa, piga wimbo mzima, na uangalie kama kidole kidogo kinafika uzi wa mbali bila wewe kuinua bega. Shingo iwe nyembamba, ila isipitilize, vidole vikaanza kukanyagana. Nyuma yake isiwe nene. Nyuzi ziwe za nailoni laini, zilale karibu na ubao, maana za chuma zitakumaliza. Mkono ukivimba, pumzika, na umwone daktari wa mifupa.

Kuliingiza nyumbani kwa siri, hapana. Usimsubiri mjomba. Leo mwambie Adalbert, "Twende wote Himbi, nikuonyeshe ninayemwendea." Atakwenda amekunja uso, mwache. Mke wa Léopold awepo. Piga mbele ya mumeo, kisha mkabidhi lile gitaa alishike. Fundi hashiki kitu kilichochongwa vizuri bila kukigeuza kuona kilivyoungwa. Hapo mwambie kuhusu mkono, yote, bila ile "kidogo tu" yako.

Halafu mwombe akuchongee jingine. La zamani libaki ukutani na wageni waendelee kuonyeshwa. Kwa hili jipya, weka mkono wako wa kushoto juu ya meza yake ya kazi, achukue kipimo. Safari hii anaruhusiwa kukushika.