Kisanduku cha Simu cha Baba Nimekitoa

Remera, Kigali
Tarehe 9 Mei

Kwako kaka yangu Usumani,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba duka la vitenge huko Kigoma linakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Kikohozi kimepungua, na jana alikula ugali na isombe, kisamvu chetu cha huku, akamaliza sahani. Mimi cherehani yangu bado inanipa riziki, namshukuru Mungu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua, mtu mwenye simu mkononi. Ni kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema kumi, kisha unaniambia salio linakwisha. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo keti, kaka, unisome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Habari yenyewe ni hii: kile kisanduku cha simu ya marehemu baba, kilichokuwa ukutani nje ya chumba cha mama, nimekitoa, pamoja na waya wake wote. Nimekitoa kwa mikono yangu, na sikuombi msamaha.

Najua ulichosema. Baada ya Idi uliniambia kwamba atakayekigusa atafute pengine pa kulala, maana wewe ndiye mkubwa na nyumba iko juu yako. Maneno yale yaliniuma sana. Mimi niliyemuuguza baba mpaka akafa, na ninayemuuguza mama sasa, naambiwa nitafute pa kulala kwa sababu ya plastiki na skrubu nne. Najua pia kwa nini unakitaka kibaki. Unasema kitukumbushe siku ile Haji Yakubu wa Kigoma alipomdharau baba, akaahidi kupiga simu kupanga siku ya kunioa, asipige. Hata ilipoonekana baadaye kwamba simu imekufa, baba alikataa itengenezwe, akisema anayemtaka anaijua nyumba yake. Na wewe mpaka leo hununui hata sindano dukani kwa wanawe Haji.

Sasa sikiliza la mvua. Nguzo ya simu iling'olewa zamani walipopanua barabara, waya ukabaki unaning'inia kutoka ukingoni mwa paa. Masika haya maji yalikuwa yanafuata waya huo, yanaingia kisandukuni, yanapita kwenye tundu la ukuta hadi kitandani kwa mama. Ukuta uliota ukungu. Nilimpeleka hospitali Kibagabaga mara mbili, na mara ya pili daktari aliniuliza mama analala wapi. Nilipomweleza, akasema dawa peke yake haitafaa kitu, kwanza chumba kikauke. Nilikupigia jioni ile ile. Ukajibu kwamba tungoje utakapokuja Desemba. Desemba, kaka, na mama anakohoa hadi anashika ukuta ule ule uliolowa.

Nikamwita Léonce, fundi aliyefanya kazi ya simu miaka mingi. Alipofika mlangoni alinisalimu kwa aibu, akaniambia kwamba ulikuwa umeshampigia na kumkataza asiguse kitu. Sikumlaumu, kwa sababu wewe una sauti ya kutisha watu. Nikamwomba tu asimame chini anielekeze, maana macho na mdomo hukumkataza. Akafikiri kidogo, akakubali, akanipa bisibisi, yeye huiita turunevisi, na koleo.

Xavérine, jirani yetu aliyekulia Burundi, alikuja mbio kuniambia kwamba ni kirazira, yaani mwiko, mwanamke hapandi nyumba, huleta balaa. Nikamjibu kwamba balaa limeshaingia, linalala na mama. Akanitazama, kisha akaenda kwake kuniletea ngazi. Wanaume wawili waliokuwa wanapita walisimama njiani wakauliza kama nyumba hii haina mwanamume. Nikawaambia inaye, yuko Kigoma, anatoa amri. Wakacheka wakaenda zao.

Nikajifunga kitenge juu ya suruali nikapanda. Léonce akaniambia kutoka chini, "Hii haiko na umeme, dada, usiogope." Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, na moja ilinichukua nusu saa nzima. Ndani ya kisanduku mlikuwa na viota vya nyigu vya udongo mkavu, basi. Nilifungua ndoano iliyoshika waya kwenye ubao wa paa, nikavuta waya wote kutoka ukutani, nikaziba tundu kwa sementi ndani na nje. Siku tatu baadaye mvua kubwa ilinyesha, nami nikalala chumbani kwa mama nikipapasa ukuta. Hakuna tone lililoingia.

Lakini Léonce alipokuwa anakunja waya chini, aliona kitu. Nyuma ya kisanduku waya ulikuwa umekatika sawasawa, haukuwa umeoza wala kuliwa na panya. Akanitazama, akatazama mkasi wangu wa ushonaji uliokuwa barazani, asiseme neno. Yeye alinyamaza, mimi sitanyamaza tena.

Kaka, Haji Yakubu hakumdharau baba. Waya niliukata mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na yeye alikuwa na zaidi ya hamsini, na hakuna aliyeniuliza. Ilikuwa Ijumaa. Baba alikuwa msikitini, na Haji alisema angepiga baada ya swala. Baba alikaa kando ya simu ile mpaka magharibi, na kiburi chake kikamzuia kumpigia yeye kwanza. Naamini Haji naye alipiga akachoka, akadhani tumemkataa. Nilimhurumia baba jioni ile. Kujuta sikujuta, na leo sijuti.

Na hili ndilo zito. Ijumaa ile nilipokuwa juu ya ngazi na mkasi mkononi, mama alitoka jikoni. Nilijua ataniita chini na jioni nitapigwa. Akaja, akashika ngazi kwa mikono miwili, akasema, "Kata, Zulfa. Niko nimeishika."

Miaka ishirini na mitatu hatukulitamka, hata tukiwa wawili. Nilipomwambia juzi kwamba nitakuandikia, alisema niandike na lake, amechoka kulificha. Basi nenda dukani kwa wanawe Haji ukawasalimie, hawana kosa. Na kuhusu mahali pa kulala, ukija kunitoa njoo na gari kubwa, maana utatutoa wote wawili na kitanda cha mama.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Xavérine naye anakusalimu. Mungu akulinde na akupunguzie hasira.

Ni mimi mdogo wako,
Zulfa Mukarugwiza

Mwanangu Usumani, mimi mama yako nimesomewa barua hii yote, na mstari huu nauandika mwenyewe. Ni kweli. Sikutaka mwanangu aolewe vile. Ukikasirika, nikasirikie mimi.