Sahani Iliyonywewa

Jumatatu, 9 Machi 2009
Kalamu imepasuka tena. Ya nne hii. Mwalimu wa historia, shule yetu ya watu wazima, anataka tuandike barua ya kawaida kama watu wa Misri ya kale: kijiti, wino wa masizi, kigae. Kigae kwa sababu karatasi ya mafunjo haikuwa ya kila mtu. Haya, lakini mimi sivunji chombo changu. Nitaandika kwenye sahani nyeupe. Mwisho Ijumaa. Nisipopeleka nimefeli, na diploma ya sekondari ndiyo basi tena mwaka huu.

Jumanne, 10 Machi
Nimemjazia mama mkwe fomu ya darasa la wazee hapa mtaani kwetu Flemingdon, huku ughaibuni. Kusoma na kuandika? Nimeweka: hajui. Kurani anaisoma, na kwao Pangani aliifundisha, lakini Kiingereza hata herufi moja. Penye sahihi nimempaka wino akaweka dole gumba. Baadaye akalalamika goti, goti, goti, mpaka nikalala. Nimechoka.

Alhamisi, 12 Machi
Jamani! Sahani niliimaliza jana. Mistari saba ya Kigiriki, lugha ya barua zao nyingi, nimenakili kitabuni: mke anamwomba kaka yake vitunguu. Leo narudi kutoka kazini naikuta penye vyombo vilivyooshwa, inang'aa.

Mama mkwe kadhani ni kombe. Kadhani nimemwandikia aya za kuponya goti. Kaiosha, kasema bismillahi, kayanywa maji yote. Bila miwani! Nikamuuliza: hukuona wino ni mweusi? Eti alijua huku zafarani ya kuandikia kombe hakuna.

Binti yangu Zuhura kajiviringisha sakafuni kwa kicheko: "Mama, Bibi drank your homework!" Nikamfukuza jikoni.

Kisha nikapayuka, mume wangu Salim akisikia: unagusaje maandishi na wewe hujui kusoma? Mama yake mzazi. Akaingia chumbani kwake. Salim hanisemeshi. Na sahani bado ni tupu.

Ijumaa, 13 Machi
Nimemkuta mama mkwe jikoni asubuhi. Kashachonga kijiti cha mishikaki kwa kisu changu cha vitunguu. Wino kaukoroga upya. Wangu ulikosa gundi, kasema, ndiyo maana ulitoka upesi.

Kajaza sahani nzima, hakuna doa. Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Nikamwomba anisomee. Barua kwa dada yake: baridi kali, goti lina nafuu tangu jana, mkwe ana mdomo ila alinifanyia kombe.

Nilishindwa kumtazama usoni. Alikuwa bado anaamini nilimwandikia yeye? Au ananisitiri? Sikuuliza.

Darasani nimesema ukweli, mkono si wangu. Mwalimu kaitazama sana ile sahani. Kanipa mpaka Jumatatu niandike yangu.

Jumamosi, 14 Machi
Theluji. Nimefika mstari wa tano, kalamu haijapasuka. Mama kakaa pembeni, ananirekebisha vidole.

Nimemjazia fomu nyingine ya darasa. Anajua, nimeweka. Penye sahihi nimempa kalamu. Kaandika jina lake, kuanzia kulia.