Mwenye Haki ni Nasri

Dada Salma,

Assalaam aleikum huko uliko. Nakuandikia kutoka Mabela, kwenye meza yako ya jikoni niliyoihamishia kwangu. Sitakuficha, nina hasira, na sijaitafutia dawa.

Watoto wako wako kwangu. Ilham anasema mpaka anachosha, Mungu amhifadhi. Nasri ameanza shule, na maneno yake bado machache.

Unazikumbuka Ijumaa zetu shambani kwa mkweo, kule Barka? Wanaume wakirudi msikitini sisi tunapakua wali, na watoto wanaruka kwenye hodhi la kumwagilia matango. Ulipokuwa na mimba ya Nasri hukutaka kutoka humo kwa lile joto. Kumbe ukingoni pale ndipo dawa ya wadudu ilipochanganywa, na bomba la kupulizia likisuuzwa humo humo, kwa amri ya mkweo mwenyewe, Ami Hilali, ili maji yasipotee bure. Harufu tuliisikia. Tulidhani ndiyo harufu ya shamba.

Ulipogundua ukamwomba aache, akakucheka mbele ya watu: "Sisi tumekulia dawa hizi, tumekufa?" Kisha mtoto akachelewa kutembea, akachelewa kusema, na lawama zote zikakuangukia wewe. Mama mkwe wako hakuchoka: "Mama mtu ndo alomharibu, kutwa simu." Moyo wako ukasimama ghafla, ukazikwa na lawama hiyo. Hilo linanichoma, Dada, kuliko hata kifo chenyewe.

Nilimwuliza daktari wa Nasri. Hakuapa kwamba ni dawa ile. Alisema sumu za namna hiyo zinaweza kudhuru ubongo wa mtoto, hata akiwa tumboni, na Ilham asilikaribie tena hodhi lile. Mimi hayo yalinitosha.

Siku ya mwisho ya matanga Ami Hilali alisimama kwenye mlango wa wanawake, machozi yanamlenga. "Salma alikuwa mwanangu. Nakuombeni mnisamehe kwa niaba yake." Kina shangazi wote wakaitikia, wengine wanalia. Nikainuka. "Haki si yetu, Ami. Mwenye haki yule pale, muombe yeye." Nasri alikuwa anapanga vikombe vya kahawa kwenye zulia. Mzee akamtazama. Akageuka kutafuta viatu vyake. Wallahi nilifurahi, na mpaka leo nafurahi.

Sijaishia hapo. Nimewaambia watu wa Sib wanaonunua matango yake jinsi yanavyolimwa, na sasa hawayanunui tena, anawalisha mbuzi. Ijumaa iliyopita mumeo alikuja kumchukua Ilham ampeleke shamba. Nikamzuia mlangoni: "Hodhi likauke kwanza, nilione kwa macho yangu." Akaondoka peke yake, ananitishia kadhi. Na anipeleke. Ni baba mtu, huenda akapewa mtoto, na hilo linanitia hofu. Lakini yote haya nitayasema mbele ya kadhi, na mkweo amekaa anasikia.

Kwaheri, Dada. Mungu akulaze pema. Najua anawapenda wenye kusamehe, najua sana, na bado siwezi.

Kila baada ya alasiri nakaa na Nasri namfundisha maneno. Maji. Njoo. Sitaki. Hilo la "sitaki" amelishika upesi. Nakuahidi atajua mengi, inshallah, nitamfundisha mpaka sauti yangu ikauke. Neno la kumsamehe babu yake simfundishi.